Ukiulizwa "unafanya kazi gani?", mpe mtu maneno atakayoweza kuyafikisha kwa mwingine

Swali: "Mwalimu, habari za kazi. Nina miaka 27, mzaliwa wa Busia, na huu ni mwaka wa nne niko Kampala katika kampuni ya uwakala wa forodha. Bosi ameanza kunituma kwenye mikutano ya wafanyabiashara nikatafute wateja. Nikiulizwa nafanya kazi gani, ama nasema 'niko tu kwenye mambo ya mizigo' na kunyamaza, ama naanza kueleza tangu shule mpaka naona mtu anachungulia simu. Wenzangu wana Kiingereza kizuri na wanajuana tangu sekondari. Mimi nimekulia kwenye Kiswahili cha mpakani, na nyumbani tumefundishwa kwamba mtu hajisifu. Mwezi ujao tuna mkutano mkubwa Munyonyo. Nifanyeje?"

Dada yangu wa Busia, asante kwa kuuliza bila kuficha.

Umetaja makosa mawili kana kwamba yanapingana: kusema kidogo mno na kusema kupita kiasi. Mimi naona mzizi wake ni mmoja. Ukiulizwa kazi yako unahisi unapimwa. Ukijiona hutoshi, unanyamaza. Ukitaka utoshe, unamwaga historia yote. Lakini mara nyingi aliyekuuliza hakupimi. Anatafuta tu namna ya kukuelewa na kukukumbuka, na ana dakika moja au mbili kabla hajaitwa na mwingine.

Kuna jambo wengi hawalifikirii wanapoingia ukumbini. Si rahisi mtu aliyesimama mbele yako na kikombe cha chai awe na kontena lililokwama Mombasa siku hiyohiyo. Lakini ana shemeji anayeuza vipuri Kisekka, ana jirani anayejenga kiwanda Namanve, anasali pamoja na mama anayeagiza vitenge. Wateja wako ni hao. Kwa hiyo usijiulize "ataniona vipi?" Jiulize hivi: kesho nikiwa sipo, mtu huyu atamwambia shemeji yake nini kuhusu mimi? Kama hana la kumwambia, mazungumzo yenu hayakuzaa kitu, hata kama mlicheka sana.

Hili lina ushahidi wa muda mrefu. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliandika kuhusu watu wa mji mmoja karibu na Boston ambao walipata kazi kupitia watu waliowafahamu. Aliwauliza walikuwa wakionana mara ngapi na yule aliyewaletea habari ya kazi. Asilimia 17 hivi tu walisema mara kwa mara. Waliobaki walikuwa wakikutana naye mara mojamoja, au kwa nadra sana. Sababu yake ukiifikiria iko wazi: rafiki yako wa karibu anajua yale unayoyajua na anakaa na watu unaokaa nao. Habari mpya huletwa na mtu wa mbali kidogo, anayeishi kati ya watu usiowajua. Munyonyo utakutana na watu wa mbali ukumbi mzima. Ila mtu wa mbali hatakariri maelezo ya dakika kumi. Atabeba sentensi moja au mbili, na ni wewe wa kumchagulia ni zipi.

Sasa tuzitengeneze hizo sentensi, maana hapa ndipo kazi ilipo.

Bila shaka kadi yako inasema kitu kama ofisa wa operesheni, na kampuni yako inajieleza kwamba inatoa huduma bora, za haraka na za kuaminika. Ukiyasema hayo, hujakosea, lakini hujasema kitu. Kila kampuni ya forodha kati ya Nakawa na Malaba inasema hivyohivyo. Cheo kinaeleweka ofisini kwenu tu. Nje ya hapo hakuna anayejua ofisa wa operesheni anaamka asubuhi akafanye nini.

Jaribu hivi: "Mtu akiagiza mashine kutoka China, mimi ndiye ninayehakikisha karatasi zake zimekamilika kabla meli haijafika Mombasa, ili kontena lisilale bandarini linakula pesa." Ona yaliyomo. Kuna mtu, yule anayeagiza mashine. Kuna mahali anapopajua kila mmoja. Kuna tatizo linalouma, tena linauma kwa siku na kwa dola. Na wewe uko katikati, unafanya kitu kinachoonekana. Yule wa chai hahitaji kujua chochote cha forodha ili amwambie shemeji yake, "Kuna binti nilikutana naye, anashughulikia karatasi kabla meli haijafika." Hiyo inasimulika.

Baada ya sentensi hiyo, nyamaza. Nakuomba sana hapa. Unyamaze na umtazame. Akiwa na haja atauliza, "Kabla haijafika? Kwani si mpaka mzigo ushuke?" Hapo una ruhusa ya kuendelea, kwa kuwa ameiomba mwenyewe. Mweleze kwamba tangu mfumo wa eneo moja la forodha uanze Afrika Mashariki mwaka 2014, nyaraka za mzigo wa Uganda zinaweza kuwasilishwa na kodi ikalipwa URA, yaani mamlaka ya mapato ya Uganda, mzigo ukiwa bado kule kwenye bandari ya kwanza, Mombasa au Dar es Salaam. Asiyejua hilo anasubiri bure. Wewe unalijua mpaka umelizoea na huoni tena kwamba ni maarifa, na hivyo ndivyo watu wengi wazuri wanavyojipunguza: vitu wanavyovijua zaidi ndivyo wanavyoviona havina thamani ya kutajwa.

Asipouliza, usisukume. Muulize yeye kazi yake, na umsikilize kweli. Akikwambia ana kiwanda cha maji ya chupa, usirudie sentensi ya mashine. Uliza malighafi ya chupa inatoka wapi. Mara nyingi jibu la swali hilo ndilo linalofungua mlango, na hapo utazungumza juu yako kupitia mzigo wake yeye. Sijaona njia iliyo bora kuliko hiyo.

Beba pia kisa kimoja. Kimoja tu, cha kweli, kinachosimuliwa kwa muda wa kujaza kikombe. Katika kazi yako visa vizuri viko kwenye uainishaji wa bidhaa. Ushuru wa pamoja wa nje wa Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki una viwango vikuu vinne tangu Julai 2022: asilimia 0, 10, 25 na 35. Bidhaa ikiandikwa kwenye fungu lisilo lake, mwenye mzigo anaweza kulipishwa asilimia 25 kwa kitu kilichostahili 0, au akaandikiwa kidogo na kesho mkaguzi akagonga mlango. Bila shaka umewahi kulishika kosa la namna hiyo kwenye ankara ya mteja. Lisimulie hivi: mzigo ulikuwa nini, ankara ilisema nini, uliona nini, mteja aliokoa nini. Usitaje jina la mteja wala la kampuni yake. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, lakini hata isingekuwepo, anayekusikia ukimtaja mteja wa jana atajiuliza utamtaja nani kesho.

Nakuja kwenye lile la kujisifu, kwa sababu naona ndilo linalokuumiza.

Wazazi wako hawakukosea. Majivuno yanachukiza Busia, Kampala na kwingineko kote. Na methali unayoisikia masikioni ukisimama ukumbini naijua: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ila methali hiyo inazungumzia bidhaa iliyokwisha kuwekwa sokoni, watu wakaishika na kuionja. Mtu wa Munyonyo hajawahi kuiona kazi yako. Chema kilichofungiwa stoo hakijiuzi.

Tena mila zetu wenyewe zina namna ya heshima ya kujieleza. Muganda anayesimama mbele ya wazee hulanya: hutaja jina lake, baba yake, babu yake, akapanda mpaka mkuu wa ukoo. Hakuna anayesema anajigamba. Anatoa habari ambazo wenzake wanazihitaji ili wajue wamkaribishe vipi. Toro na Bunyoro, salamu haijakamilika mpaka uulizwe empaako yako, yaani jina lako la heshima, Abwooli au Akiiki au Amooti, na mila hiyo UNESCO iliiweka mwaka 2013 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mtu anayekataa kujitaja katika mazingira hayo haonekani mnyenyekevu. Anaonekana ana kitu anachoficha.

Kipimo changu ni hiki. "Mimi ni hodari sana wa mambo ya forodha" ni sifa, na sifa aachiwe anayekusikiliza. "Miaka minne nimeshughulikia mizigo inayopita Malaba, Busia na Mutukula" ni taarifa. Toa taarifa, uhodari atauona mwenyewe. Na liondoe lile neno "tu" kwenye "niko tu kwenye mambo ya mizigo". Usidhani "tu" hiyo ni unyenyekevu. Inamwambia mwenzako asisumbuke kukusikiliza, naye atakutii.

Kuhusu wanaojuana tangu shule: ni kweli, Kampala ina mtandao huo, na una nguvu. Shule ya Gayaza ilianza mwaka 1905 na Budo mwaka 1906, kwa hiyo wapo wanaotambuana kwa shule waliyosoma bibi na babu zao. Utaulizwa "ulisoma wapi?" Jibu kwa jina la shule yako, kwa sauti ileile, bila kuomba radhi na bila kuieleza, kisha uendelee na kazi. Anayekuuliza anatafuta tu kama mna mtu mnayemjua wote. Ukisema "nimesoma Busia, na ndiyo maana mpaka ule naujua tangu mtoto," umempa kitu ambacho yule wa Budo hana.

Hapo ndipo Kiswahili chako kinapoingia, na ningependa uache kukitaja kama kasoro. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Jumuiya ya Afrika Mashariki sasa ina nchi 8, na Kongo iliyojiunga mwaka 2022 imeleta wafanyabiashara wa Beni, Butembo na Bunia ambao biashara yao wanaifanya kwa Kiswahili, na Kiingereza chao ni kidogo au hawana kabisa. Mzigo wao mwingi unapita Uganda kwenda mpaka wa Mpondwe. Ukumbini Munyonyo watakuwepo, wamekaa pembeni, na wengi wa wale wenye Kiingereza kizuri watawapita bila kuwasalimu. Waendee. Waendee Watanzania pia: bomba la mafuta ghafi linatoka Hoima mpaka Tanga, kilomita 1,443, na kampuni nyingi za kule zimekuwa zikitafuta watu wa upande huu wanaojua karatasi za mpakani na wanaoweza kupigiwa simu kwa Kiswahili.

Neno moja la tahadhari hapa. Wapo wazee wa Kampala ambao Kiswahili kinawakumbusha askari na vizuizi vya barabarani vya miaka ya 1970, na kumbukumbu hiyo ni ya haki yao. Mzee wa namna hiyo msalimie kwa Kiganda, umwite ssebo, yaani bwana, ummalizie salamu zake zote bila haraka, kisha ufuate lugha atakayoichagua yeye. Usikurupukie kazi kabla ya salamu. Dakika utakazoziokoa kwa kuruka salamu utazilipia.

Kuna wakati utajitambulisha kwa zamu, watu wakizunguka meza au mstari mzima, kama wanavyofanya wageni kwenye mikutano ya Rotary. Mwaka 1973 mwanasaikolojia Malcolm Brenner alionyesha kwamba mtu anayesubiri zamu yake hukumbuka vibaya sana yaliyosemwa na aliyemtangulia, kwa kuwa akili iko kwenye maneno yake mwenyewe. Maana yake kwako ni mbili. Aliyekaa baada yako hajakusikia, kwa hiyo mkiinuka mwambie jina lako upya kama vile hukusema. Na wewe hujawasikia wale wawili waliokutangulia, kwa hiyo waendee uwaulize, usijifanye umeshika. Katika zamu yenyewe taja jina, kampuni, ile sentensi ya mashine, na ukae. MC atakushukuru na watu watakukumbuka kwa ufupi wako, hasa baada ya mheshimiwa fulani kutumia dakika saba.

Mahali pa kusimama? Foleni ya chakula. Mtu aliye mbele yako hana pa kukimbilia, ana sahani mkononi, na mna jambo la pamoja la kuanzia, matoke yale na mchuzi wa karanga. Usimfuate mzungumzaji mkuu akishuka jukwaani. Amezungukwa, na hatakumbuka uso wowote. Fika mapema pia. Mkutano ukiandikwa saa tatu, watu wa Kampala wataanza kuonekana saa nne, na wachache waliofika kwa wakati wanafurahi mno kupata wa kuzungumza naye.

Kwa kuwa wewe ni binti, nitasema na hili waziwazi. Wapo wanaume watakaokuuliza kazi yako bila kuijali kazi yako. Toa namba ya ofisi au ile ya WhatsApp ya biashara, usitoe ya kwako. Akisema mkazungumzie mzigo jioni mahali fulani, mwambie, "Karibu ofisini saa nne, bosi wangu pia atapenda kukuona." Mwenye mzigo wa kweli atakuja. Huna deni la kutabasamu kwa mtu kwa sababu tu amevaa suti na anaitwa mkurugenzi.

Kabla ya Munyonyo, isemee sentensi yako kwa mtu asiyejua forodha kabisa: mama wa chapati karibu na ofisi, dereva wa boda unayemzoea. Kesho yake muulize, "Nilikwambia mimi nafanya nini vile?" Atakachokurudishia ndicho kilichosikika. Kama amesema "unashughulika na meli", sentensi bado ni nzito, ipunguze. Usiikariri neno kwa neno. Kariri mambo manne tu, mtu, mahali, tatizo, na wewe unafanya nini, na uyaseme kila mara kama yatakavyokuja, kwa Kiswahili, Kiganda au Kiingereza. Kiingereza cha kuyasema hayo manne unacho tayari, kwa maana unaandikia URA kila siku.

Mwisho ni yale ya baada ya mkutano, ambayo watu wengi huyaacha. Usiku uleule, ukiwa kwenye teksi, andika nyuma ya kila kadi jambo moja alilosema mwenyewe: "chupa, malighafi kutoka Dubai, analalamikia ucheleweshaji." Siku ya pili mtumie ujumbe mfupi wenye jambo hilo, pamoja na ile sentensi yako ikiwa imeandikwa namna ambayo anaweza kumtumia mtu mwingine bila kuibadilisha. Usimtumie kabrasha la kampuni la kurasa ishirini. Kama uliahidi kumwangalizia kiwango cha ushuru, mtumie hicho kwanza, bila kumwomba kazi.

Asipojibu, usimfuate kila wiki. Subiri mpaka uwe na kitu kipya cha kumwambia, na kazi yako ina bahati ya kukupa kitu hicho kila mwaka: bajeti husomwa Juni na mabadiliko ya kodi huanza kutumika Julai 1. Wiki hiyo pitia kadi zako zote, utafute nani bidhaa yake imeguswa, na umwandikie mistari mitatu: kimebadilika nini, kwake kina maana gani, na mzigo wake ulioko baharini ufanyweje.